Kwapa Kavu la Mama Maestro

Mwimbaji wa kwaya hatazami kitabu, anatazama mikono ya anayeongoza. Ndiyo maana sisi wa sauti ya tenor, tunaosimama upande wa mkono wake wa kulia, ndio tulioona kwanza. Ilikuwa misa ya pili, bati la kanisa limeshika joto, kwaya nzima imelowa ndani ya majoho yetu ya rangi ya samawati. Mama Maestro alipoinua mikono kutuingiza kwenye Utukufu, chini ya kwapa lake la kushoto palikuwa na doa la jasho pana kama sahani. Chini ya kwapa la kulia hapakuwa na kitu. Kitambaa kilikuwa kikavu kama kimetoka kwenye pasi sasa hivi.

Jirani yangu akaninong'oneza, "Prof, angalia. Mama iko anatoka jasho upande moja tu."

Nikaangalia, nikasahau kuingia. Mama Maestro akanitupia jicho ambalo kila aliyewahi kuimba chini yake analijua, na nikaimba misa yote iliyobaki nikiwa nimetazama vidole vyake peke yake.

Kila mtu alimwita Mama Maestro: padri, wauza mkaa, hata watoto waliodhani Maestro ni jina la mumewe. Mume alikuwepo, mtu mpole aliyependa kusikiliza radio na kukubaliana nayo. Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Mudzipela, hapa Bunia, na ungeifikia kwa kufuata pua, kwa kuwa siku za kazi Mama Maestro alikaanga kahawa. Alinunua punje mbichi zilizoshuka kutoka Djugu, akazikaanga uani kwenye sufuria pana, akazitwanga, akazifunga katika vifuko vidogo. Nusu ya Bunia iliyokunywa kahawa asubuhi ilikunywa ya kwake.

Katika mazoezi hakusema hata mara moja kwamba tumekosea. Alisema "Tena." Ukimsikia akisema "Tena" kwa sauti ya chini ulijua kosa ni dogo. Akisema bila kukutazama, ulijua kosa ni lako. Matusi yake yalikuwa ya aina yake pia. Bass aliwaambia wanaimba kama watu wanaosubiri fundi wa moto, yaani pikipiki, barabarani. Mimi aliniambia, mbele ya wote, "Prof, weye unaimba kama mutu anabeba sac ya cimenti na anaona nyumba ingali mbali." Kisha, wakati wa kutoka, alikushika mkono na kukuuliza habari za watoto wako, kila mmoja kwa jina lake, na hasira yote uliyokuwa umeipanga ikakosa pa kukaa.

Kabla ya Jumapili ile alikuwa ametupotea kwa muda mrefu. Aliaga kwamba anakwenda Kampala kumsalimu mdogo wake, akapanda gari la kwenda Mahagi katika majuma ambayo barabara ilikuwa inapitika. Majuma yakawa miezi. Kwaya ilishikwa na présidente wetu, yaani mwenyekiti wa kwaya, mama mmoja mfanyabiashara wa viatu aliyehamia hapa kutoka Butembo, mwenye sauti nzuri na saa mbovu. Tuliimba haraka kama tunakimbizwa. Mama Maestro aliporudi alikuwa amekonda na shingo yake upande wa kulia ilikuwa nyeusi kuliko uso, lakini alisema tu, "Kampala iko na jua kali," akainua mikono, na tukafurahi mno hata hatukuuliza.

Jasho ndilo lililouliza. Baada ya Jumapili ile, maneno yalianza. Wengine walisema ni dawa ya mganga. Kisha présidente akasikia sokoni, kwa mwanamke ambaye dada yake aliwahi kulazwa Kampala, kwamba kuna mashine kule inayochoma watu kwa miale, na aliyechomwa anabaki nayo mwilini. Hapo ndipo hofu ilipopata miguu. Mama Maestro alikuwa pia anafundisha kwaya ya watoto. Jumatano iliyofuata, siku ya mazoezi ya pamoja, viti vya mbele, vya watoto, vilikuwa vitupu. Mama wa watoto walisimama nje na watoto wao mkononi, kama watu waliopita tu kusalimia.

Aliviangalia vile viti. Akaweka kitabu chake juu ya kinanda.

"Juu ya nini batoto wako inje?"

Mwishowe présidente alisimama. Lazima niseme alisimama vizuri, hakujificha nyuma ya mtu.

"Mama, siye hatuna chuki na weye. Tunaogopa kwa batoto. Banasema ulichomwa na miale, na ile miale ingali ndani yako."

"Nani anasema?"

"Bantu."

"Basi njo mi niwaambie, ile bantu isichoke." Akavuta kiti, akaketi, akatazamana nasi. "Nilikuwa na kansere ya titi. Walikata titi, wakakata na vitu vidogo vya ndani ya kwapa. Kisha wakanilaza chini ya mashine, kila siku ya kazi, jumamosi na siku ya misa napumzika. Mashine haigusi mutu. Inanguruma tu, na weye unalala ukiangalia plafond kule juu. Kwanza hausikie kitu. Kisha ngozi inakuwa nyeusi, inabambuka kama ya kiazi. Nywele ya kwapa ikaenda. Jasho ikaenda. Docta alinieleza, miale inaua ile ugonjwa, lakini haichague sana. Ile tezi inayotoaka jasho iko karibu, nayo inakufa. Yangu ilikufa. Ni ile tu munaona."

"Na miale yenyewe?" présidente akauliza. "Iko wapi?"

"Mashine ikizimwa, imezimwa. Ukizima taa mu nyumba, utaenda kutafuta mwangaza mu mufuko?"

Mtu mmoja kati ya bass alicheka, akaacha. Présidente alibaki amesimama, akifikiri, na kufikiri kwake kulionekana usoni kama mtu anayepima namba ya kiatu. Kisha akabeba kiti chake kutoka safu ya soprano, akapita katikati yetu sote, akakiweka mbele kabisa, upande wa kulia wa Mama Maestro, karibu hata magoti yao yakagusana. Akaketi. Akageuza kichwa kuelekea mlangoni.

"Ingizeni batoto," akawaambia wale wa nje. "Tunachelewa."

Sasa nieleze kwa nini jambo lile lilinigusa mimi kuliko wengine. Mimi ni mtu wa jasho. Si jasho la kawaida la mtu wa kazi. Ni jasho lisilo na sababu. Nafundisha Kifaransa katika shule ya sekondari, na tangu nianze kazi navaa mashati meusi, kwa maana la rangi nyingine kufikia somo la pili limekuwa ramani. Wanafunzi waliniita Robinet, yaani bomba la maji, na walidhani sijui. Shemeji yangu anayeishi Nairobi alinipigia simu siku moja kunieleza kwamba kuna mashine mpya, si ya miale ile ya kansere, ni ya mawimbi, ndugu za mawimbi ya radio na ya simu, yanayopita kwenye ngozi na kupasha moto tezi za jasho za kwapa mpaka zife. Unaingia asubuhi, unatoka mchana, mashati meupe maisha yako yote. Nililala na jambo hilo majuma kadhaa. Mtu pekee Bunia aliyejua maana ya kwapa lisilo na jasho alikuwa Mama Maestro, na kumwuliza mwanamke mzima habari za kwapa lake si jambo jepesi.

Nilimkuta uani anakaanga kahawa. Niliona anakoroga kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, pamoja na ubavu wote wa upande ule, aliuweka mbali na moto, kwa kuwa ngozi iliyopita kwenye miale haipendi joto, na haipendi kukwaruzwa. Jioni aliipaka mafuta ya karite aliyoagiza kutoka Ariwara, ili isipasuke. Nilizunguka, nikazungumza habari za mitihani, habari za bei ya petroli. Mwishowe akasema, "Prof, kahawa itaungua kabla haujafika. Sema."

Nikasema. Alisikiliza bila kuacha kukoroga.

"Ile mashine inachoma kama yangu?"

"Hapana, mama. Yako inavunja kitu ndani ya chembe za mwili zenyewe. Hii inatoa joto tu, chini ya ngozi, kama lile jiko la mawimbi la kwenye hoteli linalopasha chakula bila moto. Zile tezi zinaiva, zinakufa."

"Zinaiva!"

Aliweka mwiko chini. Alicheka mpaka akashika ubavu, mpaka mumewe akatoa kichwa dirishani kuona kuna nini, mpaka moshi ukaanza kupanda kutoka kwenye sufuria. "Prof, unataka wakupike kwapa! Na wakimaliza, tutakula na nini?" Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikacheka juu ya jasho langu, uani kwa mtu, shati limenigandama mgongoni.

Kahawa ile iliungua kweli. Aliimwaga pembeni, akaosha mikono, akaketi karibu nami kwenye benchi.

"Nikuambie kitu sijaambia hata mzee wa hii nyumba," akasema. "Ile miezi ya kwanza, kile nilipoteza kikaniuma, haikuwa titi. Titi nililia kule Kampala, nikamaliza. Ilikuwa harufu. Harufu yangu mwenyewe. Miaka yote nalala nayo, naamka nayo, sijui hata kama iko. Kisha upande huu ikanyamaza. Nalala kwa ubavu wa kuume, naona kama nimelala karibu na mutu mugeni."

"Na sasa?"

"Sasa ule mugeni tumezoeana." Akanitazama. "Kama jasho inakusumbua weye, enda. Kwapa mbili haziwezi kuzuia mutu apoe. Mwili iko na fasi nyingi za kutoa jasho, docta alinieleza. Lakini kama ni juu batoto ya masomo wanakuita Robinet, usiende. Kesho watapata jina ingine."

Alijua! Bunia nzima ilijua, kumbe.

Sikwenda Nairobi. Sisemi kwamba nilifanya uamuzi wa hekima. Nilikaa tu, nikaona siku zinapita na hamu imepungua. Lakini Mama Maestro hakuiacha habari ile pale. Katika mkutano wa kwaya uliofuata alisimama akasema majoho yetu ya samawati ni nailoni, na ngozi yake haitaki tena nailoni, inamkwaruza. Akaomba tushone mapya ya pamba, mapana ya mikono, rangi ya divai nyekundu iliyoiva. Akaomba pia sauti za tenor zihamie dirishani, eti zinasikika vizuri zaidi kutoka pale. Wote wakakubali mara moja, nani angemkatalia mgonjwa aliyepona? Ni mimi peke yangu niliyetazama miguu yangu, kwa sababu nilijua lile dirisha limefunguliwa kwa ajili ya nani. Hakunitazama hata mara moja. Tangu siku ile naimba bila kufikiri juu ya shati.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alipaka nywele rangi nyeusi kwa siri ambayo kila mtu wa kanisani aliijua. Alikuwa na wivu na kwaya za parokia nyingine, na kama waliimba vizuri alisema kinanda chao ni cha gharama. Na alikuwa na jambo moja ambalo sikuweza kulipatanisha kamwe na yule mwanamke aliyetueleza mashine yake bila kupepesa macho: aliogopa simu.

Aliiweka simu yake ndani ya kikapu cha vitunguu jikoni. Hakuiweka mfukoni, hakuiweka karibu na kitanda, na alipozungumza aliishika mbali na sikio, akipiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Nilimwambia mara nyingi kwamba nguvu ya simu ni ndogo sana, inapasha joto kidogo tu, hata jua la saa sita linaishinda, na kwamba waliochunguza hawajaona jasho la mtu limekauka kwa ajili ya simu.

"Najua," alisema. "Ulishanieleza."

"Basi mama, ulikubali ile mashine kubwa ya Kampala, unaogopa hii ndogo?"

"Ile ya Kampala waliniomba ruhusa. Walikaa na mi, wakanieleza, nikasema ndiyo. Hii ya simu, nani aliniuliza?"

Akairudisha simu chini ya vitunguu.

Na bado, wakati majirani wa Mudzipela walipotaka kwenda kwa chef de quartier, mkuu wa mtaa, kudai antena ya simu iliyojengwa nyuma ya nyumba yake ing'olewe, alikataa kwenda nao. Walimfuata uani, wakamwambia, mama, wewe ndiwe ushahidi, ni antena ndiyo iliyokupa ugonjwa. Walitaka asimame mbele. Aliwapa kahawa kwanza. Kisha akawaambia, "Mi sijui nini ilinipa ugonjwa. Docta nao hawajui. Nyinyi munajua namna gani? Kama antena inawasumbua na kelele ya groupe usiku kucha, muende museme kelele. Mi nitasaini. Lakini titi yangu muiache." Walikwenda wakasema kelele ya jenereta. Jenereta ilihamishwa nyuma ya ukuta, na mtaa ukalala.

Mkono wenyewe, ule wa kulia, ulimsumbua. Wakati fulani ulivimba, hasa kiangazi, na hakuweza kuuinua zaidi ya bega. Tulidhani ataacha kuongoza. Yeye akashusha tu kila kitu. Mahali alipokuwa akitumia mkono mzima akatumia kiganja. Mahali pa kiganja, vidole. Tulilazimika kumtazama zaidi, na kwa kumtazama zaidi tukaanza kusikilizana. Tulijifunza kuimba chini, pole pole, sauti ya kwaya nzima ikiwa kama pumzi ya mtu mmoja. Watu wa parokia nyingine waliokuja kwenye sikukuu walituuliza tulifundishwa wapi kuimba namna ile. Présidente ndiye aliyejibu, kwa majivuno: "Kwetu hapa."

Kisha binti yake wa mwisho akaolewa Ariwara, akajifungua mapacha, na Mama Maestro na mzee wake wakahamia huko kusaidia. Alisema ni kwa muda. Tulimfanyia karamu ya samaki wa Tchomia na sombe ya majani ya muhogo, hakuna aliyetoa hotuba inayofaa kukumbukwa, na wengi wetu tulilia kwa adabu.

Mwaka huu, mwanzoni mwa mvua, yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa aliyenilea, alikutwa na uvimbe titini. Hospitali ya hapa ilifanya iliyoweza, kisha ikamwandikia kwenda Kampala kwa miale. Yaya ni mwanamke mwenye maneno mengi, lakini kutoka siku ile alinyamaza. Hakulia, hakubisha. Alikuwa anakunja nguo na kuzikunjua. Nilipomwambia nitamsindikiza alisema, "Sijasema nitaenda." Nikapanga safari ipitie Ariwara, tuvuke mpaka kwenda Arua kutokea kule. Nilimdanganya kwamba njia ile ni nzuri zaidi. Alijua nadanganya, akapanda gari.

Ariwara ilikuwa siku ya soko, barabara imejaa mizigo na mbuzi. Mama Maestro alitupokea mlangoni, pacha mmoja mgongoni. Nywele zilikuwa nyeupe zote, ameacha rangi. Hakuniuliza tumekuja kwa nini. Alimtazama yaya, akamtazama tena, akanikabidhi mtoto.

"Prof, mushike huyu. Ukimuangusha utaniona."

Akamshika yaya mkono, wakaingia chumbani. Mlango haukufungwa vizuri. Nilibaki sebuleni na mtoto na yule mzee na radio yake, na ingawa niligeuka upande mwingine, nilisikia.

"Leta mukono. Usiogope. Pitisha hapa, ndani ya blauzi."

Kitanda kililia kidogo, mtu akisogea.

"Unasikia nini?"

Sauti ya yaya, ya kwanza katika siku nyingi isiyokuwa ndiyo wala hapana: "Ngozi."

"Ngozi tu?"

"Ni kavu. Iko laini... kama karatasi ya kitabu ya zamani."

"Inauma unaponishika?"

"Weye ndiye utasema."

"Haiumi. Iliumaka, sitakudanganya. Kuna majuma utachukia blauzi zote za dunia. Kisha inapita. Bonyeza vizuri, mi si yai."

Mtoto alianza kulala begani kwangu. Kisha nikasikia yaya anauliza kitu kwa sauti ya chini, na Mama Maestro akamjibu kwa sauti ya chini, na wakaendelea hivyo, swali na jibu, swali na jibu, muda mrefu. Sikusikia maneno. Mzee alipunguza radio, si ili asikie; nadhani ili asiwasumbue. Kisha kutoka chumbani kikatoka kicheko cha wanawake wawili kwa pamoja, kile cha watu wanaojaribu kukizuia na kushindwa.

Yaya alitoka anarekebisha kitambaa cha kichwa. Macho yalikuwa mekundu. Alimchukua mtoto begani kwangu, kwa namna ya mtu aliyezoea kazi hiyo kuliko mimi, akamweka vizuri.

"Ile bus ya Arua," akaniuliza, "kesho inatoka saa ngapi?"